Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui (1891–1947): Mwanazuoni wa Mombasa na Swali la Elimu na Kazi

Utangulizi

Jina la Mazrui linapotajwa katika kumbi za vyuo vikuu vya Afrika Mashariki, aghalabu anayekumbukwa kwanza ni Profesa Ali Mazrui, mtaalamu wa sayansi ya siasa aliyefariki mwaka 2014. Wanafunzi wengi wa Kiswahili humfahamu mwana bila kumfahamu baba. Hata hivyo, swali ambalo mwana alilizunguka maisha yake yote, yaani namna Mwafrika wa pwani anavyoweza kuishi na Uafrika, Uislamu na Uzungu kwa wakati mmoja, lilikuwa limekwisha kuulizwa katika Mji wa Kale wa Mombasa kabla yeye hajazaliwa. Aliyeliuliza ni Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui. Aliliuliza kwa Kiswahili, katika gazeti dogo, akiwaandikia watu ambao wengi wao hawakuwa na desturi ya kusoma magazeti.

Sheikh Al-Amin hakuwa na shahada ya chuo kikuu. Katika zama zake hapakuwa na chuo kikuu chochote katika Afrika Mashariki, na Makerere yenyewe ilianza mwaka 1922 ikiwa shule ya ufundi. Pamoja na hayo, kazi aliyoifanya ni ile inayofanywa leo na watafiti wa uchumi na elimu: kuutazama umma uliokuwa ukipoteza ardhi, kazi na heshima, kuchunguza sababu zake, na kuyatangaza matokeo ya uchunguzi huo hadharani. Makala haya yanaeleza maisha yake kwa kuzingatia hasa upande huo. Hoja inayojitokeza ni kwamba umuhimu wake haupo katika yale aliyoyasema pekee, bali pia katika uamuzi wake wa kuyasema kwa lugha ya watu wote.

Ukoo na Malezi

Sheikh Al-Amin alizaliwa Mombasa mwezi Januari 1891. Ukoo wake wa Wamazrui ulitoka Omani na kuitawala Mombasa kwa takriban karne moja, hadi mwaka 1837 Sayyid Said bin Sultan alipoiteka Ngome. Tangu wakati huo kuna Wamazrui waliohamia Gazi na Takaungu wakaendelea kushika madaraka ya kisiasa huko, na kuna waliobaki kisiwani wakashika elimu. Ni katika tawi hili la pili alimozaliwa Al-Amin. Baba yake, Sheikh Ali bin Abdallah Mazrui, alikuwa mwanazuoni mwenye sifa kubwa aliyesoma hadi Makka. Msimamo wake katika mijadala ya madhehebu uliwahi kumtia katika kifungo cha Sultani wa Unguja, Sayyid Barghash. Kwa hivyo, kulipia fikra kwa uhuru wa mtu lilikuwa jambo lililojulikana nyumbani mwao.

Sheikh Ali alifariki mwaka 1894, mwanawe akiwa na umri wa takriban miaka mitatu. Malezi ya yatima huyo yalichukuliwa na jamaa yake, Sheikh Suleiman bin Ali Mazrui, ambaye alikuwa miongoni mwa makadhi wakubwa wa pwani. Yeye ndiye aliyekuwa mwalimu wake wa kwanza. Kijana huyo alilelewa katika nyumba ambamo kesi za mirathi, ndoa na wakfu zilikuwa mazungumzo ya kila siku. Mtu anayekulia mahali pa namna hiyo hujifunza mapema kwamba sheria si maandishi tu: nyuma ya kila kesi mna shamba, nyumba, mjane na deni.

Wakati huohuo, nje ya nyumba hiyo, mambo yalikuwa yakienda mbio. Mwezi Julai 1895 Uingereza ilitangaza himaya yake. Sheikh Mbaruk bin Rashid Mazrui wa Gazi alisimama kupigana nayo, akashindwa, na mwaka 1896 akavuka mpaka kuingia upande wa Wajerumani. Katika mwaka huohuo reli ilianza kujengwa kutoka Mombasa kuelekea bara. Al-Amin alikuwa mtoto wa miaka mitano. Alikua akiyaona matokeo ya vita ambavyo jamaa zake walivipigana na kushindwa, na yamkini hilo ndilo lililomwelekeza kutafuta silaha ya aina nyingine.

Masomo ya Unguja na Mwangwi wa Misri

Kama ilivyokuwa ada ya vijana wa pwani waliotaka kuzama katika elimu, Al-Amin alivuka bahari kwenda Unguja. Huko alisoma kwa masheikh wawili waliokuwa nguzo za elimu katika mwambao mzima: Sayyid Ahmad bin Sumayt, aliyezaliwa Ngazija, na Sheikh Abdallah Bakathir, mzaliwa wa Lamu aliyesomesha mtaa wa Ukutani. Wote wawili walifariki mwaka 1925. Alichopata kwao kilikuwa elimu ya Kiarabu, fikihi ya madhehebu ya Shafii, tafsiri na hadithi, pamoja na uhusiano na mtandao wa wanazuoni uliounganisha Lamu, Mombasa, Unguja, Ngazija na Hadhramaut.

Fauka ya hayo, Unguja ilikuwa dirisha la kutazamia Misri. Mawazo ya Sheikh Muhammad Abduh, aliyefariki mwaka 1905, na ya mwanafunzi wake Rashid Rida, aliyeanzisha jarida la Al-Manar mjini Cairo mwaka 1898, yalikuwa yakisomwa na kujadiliwa huko. Kiini cha mawazo hayo kilikuwa kwamba kudhoofika kwa Waislamu hakukutokana na dini yao. Kulitokana na kuiacha akili na elimu, na kushikilia mazoea waliyoyadhani kuwa ni dini. Sheikh Al-Amin aliyasoma maandishi hayo kwa Kiarabu. Aliporudi Mombasa alikuwa na maswali ya Cairo mkononi, lakini mji uliomzunguka ulikuwa na matatizo yake wenyewe, na mtu makini hatibu maradhi ya nyumba moja kwa dawa iliyoandikiwa nyumba nyingine. Ilimbidi auchunguze mji wake kwanza.

Mji Uliogeuka

Ili kuelewa alichokiandika baadaye, ni muhimu kueleza hali ya Mombasa katika robo ya kwanza ya karne ya 20. Uchumi wa zamani wa kisiwa ulisimama juu ya nguzo tatu: biashara ya majahazi katika Bandari ya Kale, mashamba ya nafaka na minazi ya bara ya karibu, na kazi ya watumwa. Nguzo hizo zilitikisika katika muda wa kizazi kimoja. Utumwa ulipigwa marufuku kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907, na wenye mashamba wengi hawakuwa na fedha wala desturi ya kuajiri. Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908 iliwataka watu wathibitishe umiliki wao kwa nyaraka. Ardhi iliyopata hati ikawa rahisi kuuzwa na kuwekwa rehani, na sehemu kubwa ya mashamba iliangukia mikononi mwa wafanyabiashara na wakopeshaji.

Bandari nayo ilihama. Meli kubwa ziliacha upande wa Mji wa Kale zikaenda Kilindini, ambako gati za kina kirefu zilianza kutumika mwaka 1926. Kazi mpya zilizuka huko: makuli, vibarua wa kutwa, makarani wa forodha na wa reli. Kazi za kubeba zilichukuliwa na watumwa waliokombolewa na wazao wao, Wamijikenda, wahamiaji kutoka bara na watu wa Hadhramaut. Kazi za kalamu ziliwaendea waliosoma Kiingereza na hesabu, yaani Wahindi, Wagoa na vijana waliotoka katika shule za wamishonari. Mfano wa Freretown ulionekana wazi ng'ambo ya maji: watoto wa watumwa waliokombolewa walijua kusoma na kuandika kwa herufi za Kizungu, ilhali watoto wa mabwana wa zamani, waliohitimu chuoni na kuhifadhi Kurani, hawakuweza kuandika barua ya kuombea kazi.

Wazazi wa Mji wa Kale walikuwa na sababu ya kuziogopa shule hizo. Zilikuwa za kanisa, na mtoto aliyeingia humo aliweza kutoka akiwa na dini nyingine. Serikali ilifungua shule ya Waarabu mjini Mombasa mwaka 1912, lakini ilikuwa moja, ilichelewa, na kwa muda mrefu ilidumaa. Basi mzazi alijikuta mbele ya njia mbili, na zote zilikuwa na hasara. Ampeleke mtoto shuleni, ahatarishe imani yake. Au ambakize nyumbani, ahatarishe riziki yake. Hilo ndilo fumbo ambalo Sheikh Al-Amin alijitwisha kulifumbua.

Al-Sahifa na Al-Islah

Mwaka 1930 Sheikh Al-Amin alianza kutoa gazeti dogo la kila wiki alilolipa jina Al-Sahifa. Liliandikwa kwa Kiswahili cha Mombasa kwa herufi za Kiarabu. Mwaka 1932 lilifuatiwa na Al-Islah, yaani matengenezo, lililochapishwa kwa Kiarabu na Kiswahili. Magazeti haya hayakuishi muda mrefu, lakini yalifungua mlango ambao haukufungwa tena. Wataalamu wa historia ya uandishi huyahesabu kuwa mwanzo wa magazeti ya Kiislamu katika Kiswahili.

Wasomaji wa siku hizi huenda wasione ajabu iliyokuwemo. Elimu ya juu ya dini ilikuwa ikiandikwa kwa Kiarabu na kusomeshwa kwa maelezo ya mdomo katika darasa za msikitini. Kiswahili kilikuwa na utajiri wa tenzi na mashairi tangu karne nyingi, na fikra nzito zilipita humo kwa vina na mizani. Nathari ya hoja, yaani insha fupi inayotaja tatizo, inayotafuta chanzo chake na kupendekeza tiba, haikuwa imezoeleka kwa wenyeji kuhusu mambo yao wenyewe. Sheikh Al-Amin aliichukua lugha ya barazani akaifanya chombo cha uchambuzi. Insha zake ni fupi. Huanza na jambo ambalo kila mtu amelishuhudia mtaani, kisha huuliza limetoka wapi, na humalizia kwa kumtaka msomaji atende jambo. Hakutaka sifa ya ufasaha. Alitaka kueleweka na muuza duka, na seremala, na mama aliyesomewa na mwanawe.

Ni kweli kwamba kuna waliochukizwa. Mwanazuoni aliyewaambia watu wake mbele ya watu wengine kwamba wameanguka kwa mikono yao wenyewe hakuweza kupendwa na wote. Aidha, alipozikosoa baadhi ya desturi kwa kuziita bidaa, alizigusa ibada na sherehe ambazo mamia ya watu walizipenda na kuziona kuwa ndizo dini yenyewe. Mvutano huo haukumalizika kwa kifo chake. Unaendelea kusikika katika misikiti ya pwani hadi leo.

Uchunguzi wa Kazi na Mali

Wapo wanaomtazama Sheikh Al-Amin kama mhubiri wa maadili tu. Mtazamo huo ni finyu. Ukizisoma insha zake kwa pamoja, utaona kwamba zinarudia mara kwa mara suala la uchumi. Alishughulishwa na uuzaji wa ardhi, kwa sababu aliona kwamba anayeuza shamba ili apate fedha za matumizi ya mwaka mmoja huwa ameuza riziki ya wajukuu. Alishughulishwa na karamu za harusi na matanga zilizowaingiza watu katika madeni. Alishughulishwa na ulevi, si kwa kuwa ni haramu tu, bali pia kwa kuwa ulimaliza ujira kabla haujafika nyumbani. Katika kila moja ya mambo hayo, hukumu ya dini na hesabu ya mali zilikwenda sambamba.

Kuhusu kazi, msimamo wake ulikuwa mkali zaidi. Jamii iliyozoea kufanyiwa kazi na watumwa ilikuwa imerithi fikra kwamba kazi ya mikono ni aibu. Fikra hiyo ilibaki hata baada ya watumwa kuondoka, na ikamwacha muungwana bila mtumwa na bila ujuzi. Sheikh Al-Amin aliwahimiza watu wake warudi kwenye kilimo, wajifunze ufundi, waingie katika biashara na washirikiane kwa mitaji. Aliwatazama Wazungu na Wahindi waliokuwa wakineemeka mbele ya macho ya wenyeji, akataka watu wajifunze kutokana na juhudi, nidhamu na umoja wao. Papo hapo aliwakemea vijana waliowaiga Wazungu katika mavazi na starehe huku wakiacha kuwaiga katika bidii. Kwake, kuiga hivyo ni kuchukua ganda na kutupa kiini.

Katika uchunguzi huo mna upungufu ambao msomaji wa leo hana budi kuutaja. Umma aliousemesha Sheikh Al-Amin ulikuwa hasa Waislamu wa pwani, na katika maandishi yake Uarabu na Uislamu wakati mwingine hukaribiana mno. Kibarua wa Kilindini aliyetoka bara, au mjukuu wa mtumwa aliyelima shamba la wengine, haonekani sana katika kurasa hizo kama mtu mwenye madai yake mwenyewe. Kuanguka kwa bwana na kuinuka kwa aliyekuwa chini yake ni sura mbili za historia moja, na Sheikh aliiandika zaidi sura ya kwanza. Kusema hivyo si kumpunguzia hadhi. Ni kumsoma kwa ukali uleule alioutumia yeye kuwasoma watu wa zama zake.

Elimu: Kuziunganisha Njia Mbili

Jibu la Sheikh Al-Amin kwa fumbo la wazazi lilikuwa kwamba njia zile mbili hazikupaswa kuwa mbili. Alikataa dhana kwamba hesabu, jiografia, sayansi na Kiingereza ni elimu za Wazungu. Elimu haina kabila. Waislamu wa kale walikuwa mabingwa wa tiba, hesabu na elimu ya nyota, na kuziacha fani hizo ndiko kulikowadhoofisha. Kwa hivyo alitaka Waislamu wafungue shule zao wenyewe, zenye mafunzo ya dini na ya dunia chini ya paa moja. Mtoto angeweza kupata riziki ya karani au ya fundi bila kupoteza dini ya wazazi wake. Alitaka pia Kiarabu kipewe nafasi ya heshima katika masomo, kwa sababu aliyekosa lugha ya vyanzo hulazimika kuishi kwa kusimuliwa.

Aliwaandikia wazazi pia kuhusu mabinti. Katika mji ambamo wasichana wa nyumba kubwa walikaa ndani, na wengi waliishia katika kujua kusoma Kurani bila kuielewa, alisisitiza kwamba elimu ni wajibu wa mwanamke kama ilivyo wa mwanamume. Hoja yake ilikuwa ya mwalimu: mama ndiye chuo cha kwanza, na mama asiyejua hulea asiyejua. Mwaka 1938 shule ya wasichana Waarabu ilifunguliwa Mombasa. Shule hiyo haikuwa kazi ya mtu mmoja, lakini wazazi waliowapeleka mabinti zao walikuwa wamekwisha kuzisikia hoja za kuwatuliza kutoka kwa mtu ambaye dini yake haikuweza kutiliwa shaka.

Yeye mwenyewe alikuwa mwalimu kabla ya kuwa chochote kingine. Alisomesha, na aliandika vitabu vya mafunzo ya dini kwa Kiswahili, vingine kwa ajili ya watoto. Kati ya wanafunzi wake alikuwemo Sheikh Muhammad Kasim Mazrui, ambaye baadaye alikuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya na akaendeleza uandishi wa Kiswahili kuhusu dini na jamii. Sheikh Abdulla Saleh Farsy wa Unguja, aliyeitoa tafsiri yake kamili ya Kurani kwa Kiswahili mwaka 1969, alifuata mkondo huohuo.

Lugha na Hati

Kwa wanafunzi wa Kiswahili, mwaka 1930 una uzito wa pekee. Miaka miwili kabla yake, mwaka 1928, mkutano uliofanyika Mombasa ulikuwa umekiteua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu badala ya Kimvita. Mnamo Januari 1930 Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilianza kazi ya kusanifisha, kwa herufi za Kirumi. Katika mwaka huohuo Sheikh Al-Amin alianza kuchapisha Kimvita kwa herufi za Kiarabu. Hapakuwa na mbio kati ya pande hizi mbili, kwa sababu upande mmoja ulikuwa na serikali nne, shule na viwanda vya uchapaji, na upande wa pili ulikuwa na mtu mmoja na gazeti dogo. Lakini tukio hilo linaonyesha kwamba usanifishaji haukuikuta lugha isiyo na waandishi wa nathari. Uliikuta lugha iliyokuwa na njia yake yenyewe ya kuingia katika dunia ya kisasa.

Hatima ya maandishi hayo inafunza jambo. Kadiri shule zilivyoenea, ndivyo walioweza kusoma Kiswahili kwa herufi za Kiarabu walivyopungua. Mwaka 1944 baadhi ya insha za Al-Sahifa zilikusanywa na kuchapishwa kwa herufi za Kirumi katika kitabu kiitwacho Uwongozi. Kitabu hicho kilichapishwa tena baadaye, na mwaka 2017 kilitolewa pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Bila kuhamishwa hati, huenda insha hizo zingebaki katika masanduku ya familia chache. Wakati huohuo, mhamo huo unatukumbusha ni maandishi mangapi ya pwani ambayo hayakumpata wa kuyahamisha.

Miaka ya Ukadhi

Mwaka 1932 Sheikh Al-Amin aliteuliwa kuwa Kadhi wa Mombasa, na mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, wadhifa alioushika hadi kufa kwake. Kwa upande mmoja ilikuwa heshima iliyostahiki. Kwa upande wa pili ilikuwa mtego. Kadhi alikuwa mtumishi aliyelipwa na serikali ya kikoloni, na mamlaka yake yalikuwa yamepunguzwa hadi kubaki katika ndoa, talaka na mirathi ya Waislamu. Magazeti yake yalisita katika miaka hiyohiyo ya mwanzo ya ukadhi. Aliyekuwa akiusemesha mji mzima kila wiki sasa aliketi kusikiliza kesi ya mtu mmoja mmoja.

Hata hivyo, kalamu haikukauka. Katika miaka ya ukadhi aliandika kwa Kiarabu historia ya utawala wa Wamazrui wa Mombasa. Kitabu hicho kilitafsiriwa kwa Kiingereza na kuchapishwa mwaka 1995, na wanahistoria wa pwani wanakitegemea. Alianza pia tafsiri ya Kurani kwa Kiswahili, ambayo hakujaliwa kuimaliza. Sehemu yake ya kwanza, ya Al-Faatiha na Al-Baqara, ilichapishwa Nairobi mwaka 1980, miaka 33 baada ya kufariki kwake. Uteuzi wa lugha katika kazi hizi mbili unasema mengi. Historia ya ukoo aliiandika kwa Kiarabu, lugha ya wanazuoni. Maneno ya Mungu aliyafasiri kwa Kiswahili, ili yamfikie kila mtu.

Mwisho wa Maisha na Urithi

Mwezi Januari 1947 Mombasa ilisimama. Maelfu ya wafanyakazi wa bandari, reli na majumbani waligoma kwa sababu ya ujira mdogo na ughali wa maisha, na chini ya uongozi wa watu kama Chege Kibachia swali la kazi likapata sauti mpya. Safari hii waliouliza walikuwa wale waliobeba mizigo. Miezi mitatu baadaye, mwezi Aprili 1947, Sheikh Al-Amin alifariki dunia akiwa na umri wa miaka 56. Mtu huyu aliondoka wakati swali lake lilipokuwa likihama kutoka gazetini na barazani kuingia katika vyama vya wafanyakazi.

Mwanawe Ali alikuwa na umri wa miaka 14. Baba alitaka mtoto huyo asome Al-Azhar awe mwanazuoni wa dini kama mababu zake. Haikuwa hivyo. Ali alimaliza sekondari kwa matokeo hafifu, akapata kazi ya ukarani katika Chuo cha Elimu ya Kiislamu cha Mombasa, maarufu kama MIOME, ambacho mipango yake ilianza mwaka 1948 kwa ajili ya kuwafunza vijana Waislamu ufundi. Kutoka hapo alipata nafasi ya kwenda Uingereza kusoma, na hatimaye akawa profesa Makerere kisha Marekani. Huwezi kukosa kuona maana yake: chuo kilichompokea yatima wa Sheikh kilikuwa cha aina ileile ambayo Sheikh aliililia, cha Waislamu na cha kazi za mikono. Chuo hicho kilikua kikawa Politekniki ya Mombasa, na tangu mwaka 2013 ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Profesa Ali Mazrui alizikwa mwaka 2014 katika makaburi ya Wamazrui, karibu na Ngome, katika mji uleule ambao baba yake aliuchunguza na kuukemea kwa mapenzi.

Hitimisho

Maisha ya Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui yanaonyesha kwamba utafiti wa jamii katika pwani haukuanza na vyuo vikuu. Ulianza pale mtu mwenye elimu alipokataa kuifungia elimu yake katika lugha ya wachache. Alikosea katika baadhi ya mambo, na mipaka ya umma aliousemesha ilikuwa finyu kuliko mipaka ya mji wenyewe. Lakini aliyaona mapema mambo mawili ambayo bado ni mazito: kwamba elimu isiyompa mtu kazi humtia unyonge, na kwamba kazi isiyo na elimu humweka mtu chini ya aliyesoma.

Wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili wana deni kwake. Insha zake hufundishwa mara chache katika kozi za nathari ya Kiswahili, ambazo kwa kawaida huanza na riwaya na kumtaja Shaaban Robert kama kwamba nyuma yake palikuwa na tenzi tupu. Kumrejesha Sheikh Al-Amin katika mtaala ni kuirejeshea nathari ya Kiswahili sehemu ya umri wake. Pia ni kutimiza alilolitaka mwenyewe, kwamba yaliyoandikwa kwa Kiswahili yasomwe, yapimwe na yajibiwe kwa Kiswahili.